Plaiwudi ya dari kwa boti ya makasia na tanga, Kigoma?

Kaka, hiyo ya dari iache. Ukipata plaiwudi nyingine, kata kipande ukichemshe saa kadhaa. Tabaka zikiachana, ni ya kabati hiyo, si ya ziwani. Na usijipe moyo eti Ziwa Tanganyika halina chumvi: chumvi huzuia kuvu, maji yasiyo na chumvi ndiyo huozesha mbao upesi. Kingo ndizo hunywa maji zaidi, kwa hiyo zinyweshe epoksi (gundi ya maji inayoganda ngumu) kabla ya rangi.

Kushona vipande kwa waya wa shaba kisha kuziba viungo kwa utepe wa faibaglasi kunatosha kabisa. Mirror, boti ndogo ya tanga ya Uingereza, mita 3.3, ilianza kuundwa hivyo miaka ya 1960. Kutumia tanga jifunze nje ya miezi ya Mei hadi Septemba, maana wakati huo upepo wa kusini ni mkali.