Leseni imeisha na mzigo unasubiri, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi nashughulika na makaratasi kwenye kiwanda kidogo cha bunduki za kuwindia. Tuliomba kuhuisha leseni ya kutengeneza na ile ya kusafirisha siku 40 kabla hazijaisha, tukatulia tukijua mambo safi, sasa zimeisha jana na jibu hatuna. Bosi anasema risiti ya maombi inatosha tupakie. Naogopa maana anayesaini karatasi za mzigo ni mimi. Yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Usipakie! Risiti inaonyesha mmeomba, haionyeshi mmeruhusiwa. Kuna nchi zinazomlinda aliyewahi, mfano Marekani ukiomba kwa wakati na maombi yakawa kamili leseni ya zamani haifi mpaka uamuzi wa mwisho utoke, tena ATF, idara ya serikali yao inayosimamia silaha, wanaweza kukupa barua ya kuonyesha hivyo na hiyo ndo unatembea nayo. Sheria yenu kama haina kifungu cha namna hiyo, lori likitoka getini tu mmeshaingia kwenye jinai, na askari atakayelisimamisha ataanza na jina lako.

Halafu leseni ya kiwanda ikirudi msidhani na lori limepona. India kwa mfano, Sheria ya Silaha ya 1959 inaweka utengenezaji kifungu cha 5 na usafirishaji kifungu cha 12, kwa hiyo mnaweza kupewa moja mkanyimwa nyingine.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Hiyohiyo sheria ya India inaipa ofisi ya leseni kazi ya kuandika sababu na kumpa mwombaji akiziomba, isipokuwa wakiona kuzitoa si kwa maslahi ya umma. Na hesabu siku tangu barua ifike, hapa ndo wengi wanapoumia, wanaandika malalamiko wanapiga simu wanafuata wakubwa huku siku za rufaa zinakatika. Marekani mwombaji ana siku 15 za kuomba kusikilizwa, akishindwa huko ana siku 60 za kwenda mahakamani. Bahasha msitupe, muhuri wa tarehe uko hapo.

Sasa naomba sana muangalie daftari lenu la silaha. Nimewahi kukaa na mteja tunapitia bunduki mojamoja, kwenye kitabu namba inaishia na 8 kwenye chuma inaishia na 3, kosa la mkono tu lakini kwa mkaguzi hizo ni silaha mbili, moja haijulikani iliko. Na kweli silaha isiyojulikana iliko inaweza kumuua mtu, ndo maana Itifaki ya Silaha ya Umoja wa Mataifa ya 2001 inataka kila bunduki ichongwe alama inapotengenezwa na kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka 10. Kosa kama hilo mkiliona lielezeni wenyewe kwa barua, msisubiri mkaguzi alikute.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya leseni na nakala ya maombi, waombe wakuandikie hali ya leseni zote mbili, igongwe muhuri. Mpaka uipate, usisaini karatasi yoyote ya mzigo, hata bosi akununie.