Historia masikioni: sauti nzuri isikulaze

Asubuhi kwenye basi la kwenda Mtumba, karibu kila mtu ana waya masikioni. Wengi wanasikiliza uchambuzi wa mpira, wengine mahubiri. Mimi nasikiliza vitabu vya historia na siasa, na kwa kuwa wenzangu kazini hawachoki kuniuliza waanzie wapi, acha niandike hapa nimalize deni.

Si kila kitabu cha historia kinafaa kusikilizwa. Kinachokwenda tukio kwa tukio kinaingia chenyewe. Chukua miezi ya mwanzo ya 1964: tarehe 12 Januari Mapinduzi Zanzibar, siku nane baadaye askari wa kambi ya Colito wanaasi Dar es Salaam, Waziri Oscar Kambona anakwenda kuzungumza nao, na ikifika 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar ni nchi moja. Simulizi kama hiyo hata ukiwa umesimama umeshika bomba, huipotezi. Lakini kitabu kinachopima matokeo ya Azimio la Arusha kwa asilimia na majedwali, nunua cha karatasi. Mtu akikusomea jedwali kwa sauti, ukifika safu ya tatu umeshasahau ya kwanza ilikuwa ya nini.

Kuna na suala la majina. Kwenye karatasi Kambona, Kawawa na Karume hawafanani hata kidogo. Sikioni, hasa msomaji akiwa Mwingereza asiyejua mkazo wa Kiswahili, watu hao watatu wanakaribia kuwa ndugu. Kabla sijaanza kitabu naandika kwenye simu majina kama kumi na cheo cha kila mmoja wakati huo. Kawawa Waziri Mkuu 1962, baada ya Nyerere kujiuzulu. Kambona Mambo ya Nje na Ulinzi wakati wa maasi. Dakika tano tu, na zinaokoa sura nzima.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Sauti nzuri inashawishi. Ukisoma kwa macho, ukikuta dai zito unashuka chini ya ukurasa kutazama tanbihi: huyu kalitoa wapi? Kwenye sauti tanbihi karibu kila mara hazisomwi. Msomaji mwenye sauti ya kubembeleza anasema "wenyeji waliupokea mradi kwa furaha", na kabla hujajiuliza ni wenyeji gani na nani aliwahoji, ameshaingia sentensi inayofuata. Wewe unatikisa kichwa tu.

Mimi nililiona hili kwenye habari za Kongwa, hapa mkoani Dodoma. Mpango wa karanga wa Waingereza unasimuliwa sana kwa Kiingereza kwa sababu kwao ni kichekesho cha siasa. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula baada ya vita, ikapanga kusafisha ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, ikaanzia Kongwa 1947. Matrekta yakashindwa na mibuyu, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikagoma, na 1951 mradi ukafungwa huku mamilioni ya pauni ya walipa kodi yakiwa yamezama. Simulizi nzuri, na ukiisikiliza basi linapita Kibaigwa unatazama dirishani kabisa. Ila hesabu dakika ambazo Mgogo yeyote, mwenyeji wa huko, anapata kusema kitu. Mawaziri wa London wanasemeshwa, mameneja wanasemeshwa, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vinapewa aya zao.

Nilimuuliza mzee mmoja wa huko, jirani wa baba mdogo wangu, anakumbuka nini. Karanga wala hakuzitaja. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunawaza maji. Mashine ilikuja na watu, na watu wanakunywa." Ukame wa Kongwa umo vitabuni, lakini kama kikwazo cha mradi. Kwa mzee ilikuwa foleni kisimani. Baada ya hapo nimejiwekea desturi: dai likinishtua au likinifurahisha mno, nasimamisha, naweka alama kwenye programu, na jioni nalitafuta kwingine. Na Kongwa haikuishia kwenye karanga: miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walikuwa na kambi zao hapo. Kitabu kinachofunga hadithi ya Kongwa mwaka 1951 kinakuonyesha mwandishi alikuwa anaangalia kutoka wapi.

Vitabu vya wanasiasa vinavyosomwa na wenyewe navipenda kwa sababu isiyo ya heshima sana. Unasikia pale mzee anapoharakisha. Utoto wake anausoma taratibu, kwa raha, halafu ikifika ile kashfa inayojulikana nchi nzima, aya mbili, mbio, tumeshavuka. Usiviite historia, ni utetezi. Sikiliza utetezi, kisha mtafute mpinzani wake.

Kuhusu bando, haraka haraka: kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ya sauti ni kama MB 29, hivyo kitabu cha saa 16 hakifiki hata MB 500. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, usisikilize mtandaoni njiani. Na tazama urefu kabla ya kulipa. Kitabu cha maneno laki moja na nusu kinasomwa kwa saa 16 hivi. Ukikuta kinauzwa kikiwa na saa tano, kimekatwa, na kwenye historia kinachokatwa kwanza huwa ni ushahidi.

Mtaniambia hivi vyote ni vya Kiingereza. Ni kweli, vya Kiswahili ni vichache mno, na inaudhi. Ninachofanya ni kurudi kwenye hotuba. Ya Mwalimu ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi, inanoga kuliko vitabu vingi vyenye wasomaji wa kulipwa, kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya masikio: anapanda, anashuka, anatania, umati unacheka, anangoja. Isikilize nzima, si vile vipande vya dakika moja vinavyosambazwa WhatsApp, maana kipande kinakupa msemo na kinakunyima hoja iliyouzaa. Na ukiwa unasikiliza, yaleyale ya tanbihi: pale anapomsema mtu bila kumtaja jina, simamisha, utafute ni nani.