Mrija wa shingoni umeshonwa na uzi, kwani mkono haufai?

SWALI: Dokta shikamoo. Mdogo wangu kaungua moto wa petroli mikono yote miwili na kifua, nilivyoingia kumwona nikakuta wamemwekea mrija shingoni tena umeshonwa kwenye ngozi kama nguo, siku ya sita wakautoa wakamwekea mwingine kwenye kinena. Ndo hali mbaya hivyo au wanamjaribia? – Dada yake

JIBU: Marahaba, pole sana dada. Hawamjaribii. Mtu akiungua sehemu kubwa, maji ya damu yanavuja kwenda kwenye nyama, nje anavimba huku ndani mishipa inakauka. Inabidi tuyarudishe kwa dripu, na hesabu tunayoanzia wengi ni mililita 4 za maji ya dripu kwa kila kilo kwa kila asilimia ya mwili iliyoungua, yaani mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 ni lita 11 na kitu kwa saa 24, na nusu yake iingie ndani ya saa 8 za kwanza, tena zinahesabiwa toka alipoungua sio toka alipofika hospitali (hapo hata sisi tunateleza). Baada ya hapo mkojo ndo unatuambia tuongeze au tupunguze.

Mkono ndo tunaanzia kweli, kanyula (vimrija vifupi vya dripu) mbili nene kwenye ngozi isiyoungua zinapitisha maji haraka kuliko mrija mrefu mwembamba. Ila mdogo wako mikono yote imeungua, na uvimbe unapanda kila saa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, mshipa ulioonekana asubuhi jioni haupo, hata kwa ultrasaundi unaukuta umezama chini kabisa. Ndo maana wa shingoni tunauwahi mapema kabla shingo haijajaa.

Kushona nako, plasta haishiki ngozi inayotoa maji. Na shingo ikizidi kuvimba ngozi inasogea mbali na mshipa, mrija unaweza kuchomoka kule ndani wakati huku nje unauona umetulia tu, hilo linatutesa sana.

Kuhamishia kinena mara nyingi ni kukwepa wadudu, kidonda cha moto ni shamba lao na mrija ni njia ya kuingia kwenye damu. Wengine wanabadilisha kwa ratiba, wengine wanasubiri homa au usaha, muulize daktari wake kwao wanafanyaje. Ukiona uzi umeachia au bandeji ya pale imelowa mwite nesi hapohapo, usiusukume mwenyewe kuurudisha.