Barua za Wasomaji: Leuven Mbili, na Graduaat Isiyo Graduat

Mwezi uliopita niliandika kuhusu kusoma Flanders, ile sehemu ya kaskazini ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zina lalamiko moja: majina ya vyuo na vyeti vya huko yanamchanganya mtu. Kweli yanachanganya. Nimechagua sita.

Nimetafuta Wizara ya Elimu ya Ubelgiji mtandaoni hadi nimechoka. Iko wapi? (Dodoma)

Haipo, kaka. Tangu Januari 1989 elimu ni kazi ya jumuiya za lugha: ya Kiholanzi, ya Kifaransa, na ile ndogo ya Kijerumani kule mashariki. Kila moja ina bunge lake, waziri wake na mfuko wake. Serikali kuu ilibaki na vitu vichache tu, yaani umri wa lazima wa kusoma, masharti ya chini kabisa ya kutoa vyeti, na pensheni za walimu.

Na kama unatafuta kitu kinachofanana na TCU yetu, ile Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itabidi uvuke mpaka. Waflemi, yaani watu wa Flanders, na Waholanzi walitia saini mkataba mwaka 2003 wa kuwa na chombo kimoja cha ithibati, NVAO, na ofisi zake ziko The Hague. Kwa maneno mengine, jimbo hili linakaguliwa pamoja na nchi jirani, wala si pamoja na wenzao wa Kifaransa walio nao katika ufalme mmoja.

Marehemu mjomba alisoma Louvain mwaka 1964. Nikiomba nafasi KU Leuven, naweza kuandika kwamba ni chuo cha mjomba? (Bukavu)

Andika, maana Louvain ni Leuven kwa Kifaransa, lakini ujue kwamba chuo cha mjomba kina warithi wawili, na mirathi haikugawanywa kwa amani.

Leuven ilianzishwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martin V. Mjomba alipofika, ilikuwa ikifundisha kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, ndani ya mji ambao sheria za mpaka wa lugha za 1962 na 1963 zilikuwa zimeuweka upande wa Waflemi. Maaskofu, ambao ndio waliokuwa wenye chuo, walitamka Mei 1966 kwamba chuo kitabaki kimoja na hakihami. Wanafunzi wa Kiflemi wakaingia barabarani na kelele yao, "Walen buiten", Wawaloni (Wabelgiji wasemao Kifaransa) nje. Mwanzoni mwa 1968 upande wa Kifaransa ukatoa mpango wa kujipanua palepale Leuven, mitaa ikachafuka tena, na Februari serikali ya Paul Vanden Boeynants ikaanguka. Serikali nzima, kwa ugomvi wa chuo!

Upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya kabisa, Louvain-la-Neuve, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1971. Ndiyo UCLouvain ya leo. Maktaba nayo ikagawanywa kwa namba za rafu: witiri huku, shufwa kule. Brussels wakafuata njia hiyohiyo, chuo kimoja kikazaa ULB ya Kifaransa na VUB ya Kiholanzi, zinazopakana hadi leo.

Kwa nini watu wazima wagawane vitabu hivyo? Tazama Gent. Chuo kilianzishwa mwaka 1817 na Mfalme Willem I wa Uholanzi, kikafundisha kwa Kilatini, kisha kwa Kifaransa, na mwaka 1930 tu ndipo kikawa cha Kiholanzi kikamilifu. Katikati, mwaka 1916, Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi walikigeuza kuwa cha Kiholanzi kwa nguvu, na vita vilipoisha waliokubali kukitumikia wakaonekana wasaliti. Yaani kwa zaidi ya miaka mia, mtoto wa mkulima wa Flanders alivuka mlango wa chuo kilicho kwao kwa lugha ya wakubwa. Mtanzania aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha Kidato cha Kwanza akaambiwa sasa ni Kiingereza, hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu soma tena cheti cha mjomba, ndugu yangu. Kama kimeandikwa "Lovanium", hakusoma Ulaya. Hiyo ni mche uliopandwa na Leuven mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954.

Mpwa wangu amepata nafasi "hogeschool". Babu yake anauliza kwa nini mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne anarudishwa sekondari. (Kisumu)

Mpe babu shikamoo yangu, kisha umwambie Kiingereza kimemdanganya, hii si "high school". Hogeschool ni chuo cha elimu ya juu. Kinatoa shahada ya kwanza ya kitaaluma ya kazi: ualimu, uuguzi, uhasibu, ustawi wa jamii, programu za kompyuta. Universiteit ndiyo inayofanya utafiti na kutoa uzamili na uzamivu. Anayetoka hogeschool na shahada yake akitaka uzamili, kwa kawaida hupitia kwanza daraja la masomo ya kujazia pengo.

Zamani vyuo hivi vilikuwa vingi kama vibanda vya mama ntilie. Sheria ya 1994, chini ya waziri Luc Van den Bossche, ilichukua zaidi ya vyuo 160, vingine vya watawa, vingine vya miji, ikaviunganisha vikawa 29. Miungano ikaendelea hadi leo vimebaki 13. Vyuo vikuu ni vitano: Leuven, Gent, Antwerpen, Hasselt na VUB. Sheria ya 2003 ikataka kila hogeschool ishikane mkono na chuo kikuu katika umoja, na miungano hiyo iko mitano.

Nia ilikuwa masomo marefu ya hogeschool, kama uhandisi wa viwanda na ukalimani, yapate mizizi ya utafiti. Miaka kumi baadaye wakaamua kushikana mkono hakutoshi: kuanzia mwaka wa masomo 2013-14 masomo hayo yakahamishiwa vyuo vikuu moja kwa moja. Waliokataa kumezwa ni wasanii. Muziki, maigizo na uchoraji vilibaki hogeschool, na mimi nadhani walikuwa na haki, maana mpiga fidla hahitaji kuhesabiwa makala zilizochapishwa kwenye jarida.

Nina graduat ya Lubumbashi, miaka mitatu. Rafiki ameniambia Flanders pia wana graduaat, kwa hiyo nitaje hivyo kwenye fomu. Ni sawa? (Lubumbashi)

Usithubutu! Utajipunguza mwenyewe kwa kalamu yako.

Graduat yako ni ya mfumo wa zamani wa Kongo, miaka mitatu chuoni, kisha licence miaka miwili. Graduaat ya Flanders ni kitu kingine: krediti 90 au 120, yaani mwaka mmoja na nusu au miwili, angalau theluthi yake ikiwa ni mafunzo mahali pa kazi. Ilikuwa ikitolewa na vituo vya elimu ya watu wazima, na tangu Septemba 2019 iko mikononi mwa hogescholen, yaani vile vyuo vya hogeschool. Iko chini ya shahada ya kwanza. Acha jina la cheti kama lilivyo kwa Kifaransa, ambatanisha orodha ya masomo na saa zake, kisha waachie NARIC-Vlaanderen, ofisi inayolinganisha vyeti vya kigeni, waseme kinafikia wapi.

Kinachonichekesha ni kwamba ngazi hizi zenu zilitoka kwao. Wabelgiji wenyewe walikuwa na kandidaat na licentiaat mpaka 2004, walipozitupa na kuanza shahada ya kwanza ya krediti 180 na uzamili, kufuatana na tamko ambalo nchi 29 za Ulaya zililitia saini Bologna mwaka 1999. Kongo iliendelea na ngazi za mkoloni miaka mingi baada ya mkoloni kuziacha. Sasa Kongo nayo inahamia LMD (licence, master, doctorat), na Burundi ilishatangulia na BMD yake, zote zikiwa ni mifupa ileile ya Bologna. Ila angalia: uzamili mwingi wa Flanders ni krediti 60 tu, mwaka mmoja. Anayetaka uzamivu nyumbani aulize mapema kama mwaka huo mmoja utakubalika.

Mwanangu anasoma mwaka wa kwanza hapa Antwerpen, amefeli masomo manne. Anasema chuo hakimfukuzi, ila "pointi" zake zinapungua. Ananidanganya? (Antwerpen)

Hakudanganyi, mama, ingawa huenda hajakusimulia yote.

Flanders mlango uko wazi. Mwenye cheti cha sekondari anajiandikisha karibu somo lolote bila mtihani wa kuingia, isipokuwa udaktari wa tiba na udaktari wa meno, vyenye mtihani tangu 1997, udaktari wa mifugo, ulioongezwa 2023, na sanaa, ambako lazima uonyeshe kipaji. Mchujo unafanyika ndani, mwaka wa kwanza, na ni mkali. Hakuna tena kurudia darasa zima, maana sheria ya 2004 ilivunja mwaka wa masomo ukawa vipande vipande, na mwanafunzi hubeba alichofaulu na kurudia alichofeli. Uhuru huo ulizaa wanafunzi wasiomaliza. Ndipo mwaka wa masomo 2008-09, chini ya waziri Frank Vandenbroucke, kila mwanafunzi akafunguliwa akaunti ya krediti 140.

Inafanya kazi kama salio la simu. Ukijiandikisha krediti 60, zinakatwa 60. Unachofaulu kinarudi, na zile 60 za kwanza unazofaulu zinarudi mara mbili, ili mgeni asikate tamaa. Tuseme mwanao amefaulu krediti 36: 140 toa 60 ni 80, jumlisha 72, ana 152. Hayuko pabaya. Salio likiisha, chuo kinaweza kumkataa au kumtoza ada ya juu. Mwambie akufungulie akaunti yake kwenye tovuti uione kwa macho yako.

Asilokwambia pengine ni hili. Kwa walioanza 2023-24 na kuendelea, masomo yote ya mwaka wa kwanza lazima yafaulu ndani ya miaka miwili, la sivyo programu hiyo inafungwa kwake, labda chuo kimpe ruhusa maalumu. Kwa hiyo usiulize sana pointi. Uliza hayo manne atayarudia lini.

Ada ni kiasi gani, na nitasoma kwa Kiingereza? (Mbeya)

Mwaka wa masomo 2023-24 raia wa Umoja wa Ulaya alilipa kidogo zaidi ya euro 1,000 kwa mwaka wa krediti 60, na mwenye ruzuku ya serikali kidogo zaidi ya 100. Wewe unayetoka nje, kila chuo kinakupangia bei yake, na bei zinatofautiana hata ndani ya chuo kimoja. Soma ukurasa wa programu yenyewe.

Kiingereza kipo kwenye uzamili. Kwenye shahada ya kwanza ni haba, na si kwa bahati mbaya. Sheria ya 2012 iliweka ukomo wa programu za lugha ya kigeni, asilimia 6 kwa shahada ya kwanza na 35 kwa uzamili, na ikamtaka mwalimu wa lugha hiyo awe na kiwango cha C1, yaani ufasaha wa juu. Watu walioangusha serikali kwa ajili ya lugha hawawezi kuigawa ovyo. Hata Chuo Kikuu cha Gent, ambacho kinafundisha Kiswahili katika shahada yake ya lugha na tamaduni za Kiafrika, kinaifundisha shahada hiyo kwa Kiholanzi. Mswahili anayetaka kusomea Kiswahili pale itambidi aanze na Kiholanzi.