Maswali ya wasomaji: Wanaomba kazi, kisha wanapotea

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha programu huria ya kutunza hesabu za vikoba. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, tumeuweka GitHub, mtandao wa kuhifadhi programu na kuzifanyia kazi pamoja, yeyote auone na autumie bure. Tulitaka vijana wengine waingie, tukabandika lebo ya "good first issue", yaani kazi inayomfaa mgeni, karibu kwenye ishu zote (ishu ni kasoro au kazi iliyoorodheshwa ili mtu aishughulikie). Watu wakaja. Kila mmoja anaandika "naomba nipewe hii", tunampa, halafu kimya. Hakuna aliyeleta hata mstari mmoja. Nimekutumia ishu zetu uzione. Vijana wa siku hizi hawako siriasi, au kasoro ni yetu? Na je, lebo zenyewe tuziandike kwa Kiswahili? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Vijana waache, wako sawa. Nimezisoma ishu zenu, na nyingi zina mstari mmoja tu. Mojawapo inasema "Rekebisha tarehe kwenye ripoti", basi. Wewe uliyeandika programu unajua ni ripoti ipi, iko kwenye faili gani, na hiyo tarehe ina ubaya gani. Kijana wa Mbagala aliyeingia jana atajuaje? Ameomba kazi kwa moyo mweupe, anafungua faili moja baada ya jingine, haoni pa kushika, anaona haya kuuliza, anaondoka kimyakimya.

Lebo ile ni ahadi. Ukiibandika unamwambia mgeni kuwa kazi hii imeandaliwa kwa ajili yake na kuna mtu wa kumpokea. Ishu ya tarehe mimi ningeiandika hivi:

"Ripoti ya hisa ya mwezi inaonyesha 03/25/2025, tunataka 25/03/2025. Tarehe inapangwa kwenye faili la ripoti.py, funksheni ya panga_tarehe. Ukishabadilisha, endesha majaribio kwa amri iliyo kwenye README, faili la maelezo ya mradi. Jaribio la tarehe linalofeli sasa linatakiwa lipite. Ukikwama uliza hapa hapa, nipo kila jioni."

Utaniambia kuandika yote hayo kunakula muda kuliko kurekebisha mwenyewe. Ni kweli, na bado nakusihi usiirekebishe. Faida ya ishu kama hiyo ni kumpitisha mtu njia nzima: kunakili msimbo, kubadilisha, kupima, kutuma, kukaguliwa. Akishaipita mara moja, kazi ya pili ataitafuta mwenyewe.

Kubernetes, ambao ni mradi huria wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, wenye maelfu ya wachangiaji, umeyaweka haya kwa maandishi. Ishu ya mgeni inatakiwa iwe imeelezwa namna ya kuitatua na kutaja sehemu ya msimbo inayohusika. Kazi inayohitaji mikono lakini inamzidi mgeni hupewa lebo nyingine, "help wanted". Nanyi tenganisheni. Ile yenu ya kuhamisha hifadhidata yote, ing'oeni lebo ya wageni leo hii.

Halafu kuna bando, na hapa naomba unisikilize vizuri. Binti mmoja ninayemfundisha Jumamosi pale Kijitonyama alichagua ishu ya kubadilisha rangi ya kitufe kwenye mradi fulani. Mradi ukamtaka kwanza apakue mazingira yote ya kuendeshea programu, na bando lake la wiki likakata kabla hajakiona hicho kitufe. Iliniuma sana, kwa sababu kazi yenyewe aliiweza kabisa. Kwa hiyo andikeni juu kabisa ya README: vinavyopakuliwa vina ukubwa gani, na kompyuta iwe na RAM kiasi gani. Kazi inayowezekana bila kupakua kitu, kama kusahihisha maelezo moja kwa moja kwenye kivinjari, isemeni kwamba inawezekana. Mwenye simu na kompyuta ya kuazima ataanzia hapo.

Kuhusu wanaochukua kazi na kupotea, mfano tunao humu humu mjini. Ramani Huria, iliyochora kata zinazokumbwa na mafuriko kama Tandale, iliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na data zao ziliingia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na kutumika bure. Wachoraji wa OpenStreetMap wana chombo kinachoitwa Tasking Manager. Eneo hukatwa vipande vidogo, mtu anafunga kimoja na kukichora, mwingine anakikagua. Akiondoka bila kumaliza, baada ya muda kipande kinajifungua chenyewe na mwenzake anakichukua. Hakuna anayesutwa. Nanyi wekeni utaratibu ulioandikwa: siku kumi kimya, mwulizeni kwa upole, siku nne nyingine, kazi irudi mezani. Lakini na ninyi jibuni. Aliyetuma mabadiliko akakaa mwezi bila hata "asante, tumeona" harudi tena, na simlaumu.

Lugha: jina la lebo liacheni lilivyo, maana GitHub hulitambua hilo inapowaonyesha wageni kazi. Maelezo ya ndani andikeni kwa Kiswahili. Makatibu wa vikoba nao watayasoma, na wao ndio wanaojua ripoti inatakiwa kukaaje.

SWALI: Dada, najua Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo na natamani kuchangia mradi wowote, ila naogopa. Nitajuaje ishu inanifaa? – Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Mwishoni mwa anwani ya mradi kwenye GitHub ongeza /contribute, utaziona ishu zilizowekewa wageni. Kabla hujapenda yoyote, tazama wenye mradi walijibu watu mara ya mwisho lini. Kama ni mwaka juzi, pita. Kisha iendeshe programu kwenye kompyuta yako kwanza, ndipo uombe kazi, na unapoomba andika umefika wapi na umekwama wapi: "Nimeiendesha, kosa nimeliona kwenye ukurasa wa malipo, nadhani linatoka kwenye faili hili." Ukiandika hivyo watajua wanaongea na mtu aliyeanza kazi tayari.