Kwa mnaoanza kuandika mafumbo ya serikali na biashara za watu

Kila ninapopitia kazi za waandishi wapya kuhusu serikali kuingilia biashara za watu, nakuta hadithi ileile: Simba anatawala, Sungura ana duka, Simba analifunga. Msomaji ameshaijua kabla hajamaliza aya ya kwanza. Na kuna kasoro kubwa zaidi. Sungura wa ngano zetu ni mjanja. Ukimpa duka, msomaji anakaa akingoja achezee mizani. Unadhani unamtetea mfanyabiashara, kumbe unamshitaki.

Jueni pia kwamba hapa Tanzania, kwenye jambo hili, wanasiasa waliwatangulia kwa fumbo. Miaka ya Azimio la Arusha la 1967, mfanyabiashara aliitwa kupe, na sera ikawa kukata mirija ya unyonyaji. Lilikuwa fumbo kali, kwa sababu kila mfugaji amewahi kumwona kupe aliyevimba damu shingoni mwa ng'ombe. Ukishakubali kwamba mwenye duka ni kupe, huulizi tena nani ataleta chumvi na mafuta ya taa kijijini akishang'olewa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ujamaa yachukue nafasi. Kwingi hayo mapya hayakuwa tayari, ikabidi serikali yenyewe ivute breki. Fumbo lako linapaswa kumjibu yule kupe, na jibu liko kwenye chumvi isiyofika, si kwenye hotuba ya mnyama mwema.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mnyama, jifunze biashara yenyewe inavyokwenda. Chukua korosho za 2018. Wakulima wa Mtwara waligomea bei za mnadani. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba. Wakulima walishangilia, na walikuwa na haki, maana bei walizopewa na wanunuzi zilikuwa za kuumiza. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye mzigo mkubwa alitakiwa aonyeshe shamba lake, ili wanaswe watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi. Wako waliosubiri malipo kwa miezi.

Tazama palipo na hadithi: mtu ana magunia yake ghalani, na mnunuzi aliyeahidi bei nzuri ndiye huyohuyo anayemuuliza mikorosho yake iko wapi. Mnunuzi na hakimu wamekuwa mtu mmoja. Ukikipata kitu kama hicho, wanyama watajipanga wenyewe.

Mtawala wa hadithi yako mpe sababu ya kweli. Uingiliaji mwingi huanza na kilio cha haki: bei ya dhuluma, sukari iliyofichwa stoo. Mkimfanya mwovu tangu mwanzo, msomaji anayekumbuka dhuluma za walanguzi atawafungia kitabu, na huyo ndiye mnayemhitaji zaidi.

Ukimaliza rasimu, usimpelekee mwandishi mwenzako kwanza. Mpe mtu wa ghala, karani wa chama cha msingi au mama mwenye genge, asome bila kuambiwa ni fumbo la nini. Akikwambia hesabu za mnyama wako hazikai hivyo, mwombe akuonyeshe zinavyokaa, kisha anza upya kutoka hapo.