Taa ya mwanga kutoka Stockholm: mbovu taa au mie?

SUALI: Asalaam aleikum Shangazi. Mie nnakaa Mji Mkongwe, chumba cha chini uchochoroni, jua hata saa sita haliingii, na kazi yangu stoo ya duka, natoka magharibi ishaadhiniwa. Tokea masika yaanze najiona mzito tu, sina hamu na kitu. Dada yangu anaekaa Stockholm, Sweden, kaniletea taa yake ya mwanga, anasema kwao inaondosha huzuni. Naiwasha baada ya isha saa nzima, sasa ndo usingizi umekimbia kabisa, mpaka saa nane usiku niko macho kodo. Taa mbovu?

JAWABU: Waaleikum salaam. Taa nzima mwanangu, wakati ndo sio. Mwanga mkali usiku unaudanganya ubongo kuwa bado mchana, melatonini, ile homoni ya usingizi, inachelewa kutoka, sasa wewe ushakaa mbele yake saa nzima halafu unataka ulale, utalala vipi? Inawashwa asubuhi ukishaamka, hizi za laksi 10,000 (laksi ndo kipimo cha ukali wa mwanga) dakika 20 mpaka 30 basi, iweke mbele yako kwa upande kidogo huku unakunywa chai na boflo lako, usiikodolee.

Dada yako kasema kweli, ila kweli ya kwao. Stockholm Disemba jua halikai hata masaa saba kwa siku, na hiyo huzuni ya majira ya baridi ndo waliyoiandika madaktari wa Marekani 1984, wakaitibu kwa taa. Sisi Zanzibar tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, mchana wa Juni na wa Disemba haupishani hata saa moja, jua tunalo la kumwaga, wewe tu ndo halikupati. Balbu ya chumbani haifiki hata laksi 500, nje hata mawingu yametanda unapata maelfu. Mie ningekuwa wewe kila asubuhi kabla ya kazi ningekwenda bustani ya Forodhani nikakaa nusu saa (jua lenyewe usilitazame!), taa nikaiweka kwa siku za mvua ya kushinda.

Lakini kama una maradhi ya jicho, au unakunywa dawa kama doksisaiklini inayofanya ngozi iungue upesi kwa jua, au ushawahi kupata zile siku za kuchangamka kupita kiasi hulali na wala huchoki, usiiwashe tena mpaka umuone daktari, maana watu wa namna hii ya mwisho taa inaweza kuwarejeshea hali hiyo. Na huo uzito tokea masika mie siupendi, hata usingizi ukirudi nenda hospitali ukawaeleze kama ulivyonieleza mie.